Chozi Naye Ana Miezi Kumi na Miwili

Wajukuu zangu mnaochimba, mnaolima na mnaochoma mkaa kati ya Shinyanga na Geita, leo nataka tuzungumze habari ya ua. Najua mtatazamana. Watu wako kwenye maduara, yale mashimo yenu ya dhahabu, mawe ya mbale yanapanda kwa kamba, makarasha yanasaga kutwa, na bibi anawaletea maua. Kaeni kidogo. Chai ipo, matobolwa yapo, na dhahabu iliyolala ardhini tangu dunia kuumbwa haitakimbia ndani ya saa moja.

Ua lenyewe mnalijua kwa macho. Mvua zikishakolea, kwenye vilima vya mawe na kwenye miombo iliyosalia, hutokea majani marefu, membamba, yamesimama wima na ncha zimechongoka, halafu katikati yake linapanda shina la kufika kiunoni, pengine kifuani, na maua yanajipanga juu yake yakiangalia upande mmoja, mengine ya rangi ya chungwa, mengine manjano yenye madoa mekundu. Watoto huyachuma wakienda kuchunga na kuyatupa kabla hawajafika kisimani. Wataalamu wa mimea huliita Gladiolus dalenii, nasi tuliite gladiola ya mwitu, kwa sababu ndugu yake wa bustanini anauzwa kwa jina hilo hilo na wenye maduka ya maua, na nyinyi mnamnunua kwa harusi na kwa misiba.

Huyo wa dukani mnamwona mgeni wa kizungu. Si mgeni. Mwaka 1841, huko Ghent nchini Ubelgiji, iliingizwa sokoni chotara iliyopatikana kwa kuchanganya hili ua letu na ndugu yake wa Afrika Kusini, na gladiola nyingi za bustani duniani zina damu ya chotara ile. Jamii yote ina aina zaidi ya 250, nyingi zikiwa kusini mwa bara hili, lakini hakuna iliyotembea kuliko hii: ipo Afrika Kusini, ipo Ethiopia, ipo hadi Senegali. Kule Katanga wapo ndugu zake wanaoota juu ya vilima vya shaba, kwenye udongo ambao ungeua mimea mingine. Kwa hiyo msidhani nawaletea kitu dhaifu cha kuonewa huruma. Gladiola ni sugu. Kiangazi kikija hukauka juu na kubaki kitunguu tu chini ya udongo. Moto unapita, ng'ombe wanapita, nalo limelala. Mvua za Novemba zikinyesha linaamka.

Na ugumu wake ndio unaowadanganya.

Kitunguu kile hujitengeneza upya kila mwaka, na kinaweza kuzaa vitoto pembeni yake. Vitoto hivyo ni mama yule yule aliyerudiwa. Kama mama ana udhaifu, wote wanao. Ugonjwa ukija, unawakuta wote wamelala mlango wazi. Ili apatikane mtoto mwenye damu mpya, mwenye mbegu yenye ubawa wa kupeperushwa na upepo hadi kilima cha pili, lazima chavua itoke kwenye ua moja ifike kwenye ua la jirani. Ua lenyewe limejipanga hivyo: hutoa chavua kwanza, na sehemu yake ya kike hufunguka kupokea baadaye. Miguu halina. Inabidi mtu abebe mzigo.

Mbebaji wa hili la kwetu ni chozi. Ni yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, dume lake linameta kijani na zambarau jua likimpiga. Yupo na yule mwenye kifua chekundu anayependa kukaa juu ya waya wa umeme na kupiga kelele asubuhi. Sasa mwangalieni anavyohudumiwa. Mmewahi kununua dagaa kwa mama wa soko la Katoro anayejua kazi yake? Hamwagi bidhaa yote mbele. Anakupimia, anakuita jina, anakuongezea nyongeza kidogo, na ile nyongeza ndiyo inayokurudisha kesho. Lakini haitoi kwa kila anayepita kugusagusa. Gladiola inafanya biashara hiyo hiyo. Mbochi yake ni nyingi na nyepesi, imewekwa chini kabisa ya mrija mrefu mahali ambapo mdudu wa ulimi mfupi hafiki. Rangi kali inamwita ndege kutoka mbali. Shina ni imara, kwa sababu chozi wetu hupenda kutua na kukaa akila. Petali ya juu imeinama ikawa paa, na chini ya paa hilo zimejificha ncha zenye chavua. Chozi akizamisha mdomo kunywa, utosi wake unasuguliwa. Anaondoka na unga wa manjano kichwani, hata habari hana, anaupeleka kwenye ua linalofuata. Amelipwa, na amelipa.

Si gladiola zote zinazopokea ndege. Zipo zenye mrija mfupi na michoro kwenye petali za chini, michoro inayomwongoza nyuki mahali pa kukanyaga na mahali pa kuingiza kichwa, na huyo huondoka na chavua mgongoni. Ipo nyeupe yenye moyo wa zambarau, Gladiolus murielae, inayopatikana Tanzania pia. Mrija wake ni mrefu mno, harufu yake hukolea usiku, na mgeni wake ni nondo mkubwa mwenye ulimi mrefu anayenywa akiwa hewani bila kutua. Wenye kuchunguza mambo haya, akina Peter Goldblatt na John Manning, wameonyesha kwamba jamii hii moja imebadilisha wateja mara nyingi katika historia yake, kutoka nyuki kwenda ndege, kwenda nondo, kwenda nzi wenye ndimi ndefu kule Rasi ya Afrika Kusini. Kila umbo la ua ni mkataba na mgeni fulani.

Wapo pia wasiolipa. Baadhi ya chozi, hasa mrija ukiwa mrefu kuliko mdomo, hutoboa ua ubavuni na kunyonya mbochi bila kugusa chavua. Wakishiba wanaruka zao. Jambo hili liliandikwa zamani, mwaka 1916, katika jarida la wanasayansi wa London, na mtu ambaye Shinyanga inamjua kwa sababu nyingine kabisa: Charles Swynnerton. Wakati huo alikuwa mkulima na mtazamaji wa viumbe katika Rhodesia ya Kusini, na makala yake ilihusu njia za mkato ambazo ndege huzitumia kufikia mbochi. Alikaa chini, akaangalia maua kwa subira, akaona nani analipa na nani anaiba.

Mwaka 1919 mtu huyo akawa bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza. Baadaye akawa mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga, kazi aliyoifanya hadi alipokufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Na dawa kubwa iliyotumika dhidi ya mbung'o siku zile ilikuwa shoka. Watemi waliwatoa watu kwa maelfu, wakafyeka vichaka, wakaangusha miti, wakachoma, mwaka baada ya mwaka.

Simlaumu, wala msiwalaumu mababu zenu walioshika mashoka. Mbung'o alikuwa anamaliza ng'ombe, na malale yalikuwa yanamaliza watu. Aliyezika mtoto kwa malale hawezi kuambiwa aache kichaka kwa ajili ya ndege. Ila ninachowaambieni ni hiki: mbung'o alipoondoka, shoka halikurudi nyumbani. Lilikuwa limeshazoea. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka hadi mlangoni. Ng'ombe wakaongezeka. Vikaja vijiji vya miaka ya 1970, watu wakahamishwa mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza, na malisho yasiyo na mwenyewe yakaliwa na wote. Tukafikia mahali ambapo uwanja mtupu, mwekundu, usio na jani, mtu aliupigia makofi akasema hapa sasa pamekuwa safi. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipita Shinyanga akaona nchi inageuka jangwa, naye hakunyamaza.

Nimesikia neno hilo, safi, tangu nikiwa binti. Linasemwa na watu wema. Linasemwa na mama anayefagia uwanja hadi mizizi ya mti inatoka nje, na kijana anayeona majani marefu anafikiria nyoka, na mwenye duara anayetaka nafasi ya kurundika udongo. Binadamu anapenda kuona mbali, na macho yake hutulia penye uwazi. Naelewa. Tatizo ni kwamba chozi hali uwazi.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo kosa lilipo. Gladiola inachanua wakati wa mvua tu. Shughuli yake na chozi ni ya wiki chache. Lakini chozi ana miezi kumi na miwili ya kula, na ana vifaranga wanaotaka buibui na wadudu laini, na anahitaji kijiti cha kutundikia kiota chake kilichoshonwa kwa utando wa buibui. Gladiola ikilala, yeye anakwenda wapi? Anakwenda kwenye shubiri za mwitu, zinazotoa maua mekundu kiangazi. Anakwenda kwenye virukia, ile mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine. Anapita kwenye migomba yenu. Anaokota kidogo hapa, kidogo pale, hadi mvua zirudi. Ondoa miti, umeondoa virukia. Ng'oa shubiri, umeondoa chakula cha kiangazi. Na shubiri mnaing'oa, nawaona, mnaikatakata na kuitia kwenye maji ya kuku kwa ajili ya kideri, mzizi na vyote, wakati jani moja au mawili yangetosha na shina likabaki.

Basi Januari inafika, gladiola inachanua kilimani, nzuri vile vile, na mpita njia anasema, mbona mazingira yetu yako salama, maua si haya? Maua ndiyo. Mgeni wao hayupo. Alihama Agosti kwa njaa. Kuchanua peke yake hakuthibitishi kitu. Mkitaka kujua ukweli, rudini mvua zikiisha, mpasue vile vibweta vyake vyenye vyumba vitatu, muone kama kuna mbegu ndani.

Na kwa nyuki mambo ni hayo hayo. Wapo nyuki wanaotaga ndani ya udongo mgumu usioguswa na jembe. Yupo yule mkubwa mweusi anayetoboa magogo makavu, na magogo makavu yote mmeyapeleka jikoni. Wapo nyuki wa asali, ambao watu wa Bukombe na Ushirombo wanawafuata hadi Kigosi kutundika mizinga, kwa sababu karibu na nyumbani hakuna tena mti wa kutundikia wala ua la kuwalisha. Pamba ikianza kuchanua mnabeba bomba mgongoni saa mbili asubuhi, saa ile ile nyuki wanapofika kazini, na mwezi unaofuata mama wa nyumba analalamika maboga yamegoma: ua la kike limefunguka, limesubiri, limenyauka na kujipukutisha. Boga halina uchawi. Ua dume liko huku na ua jike liko kule, na bila nyuki wa kwenda na kurudi hakuna boga, hakuna mbegu za kukaanga, hakuna tikiti la kuuza barabarani. Na nondo wa usiku? Muulizeni aliyekesha kwenye duara kama taa za jenereta hazijazungukwa na nondo hadi alfajiri, wamechoka, wakiacha maua yao gizani bila mgeni.

Nisije nikaonekana nachukia dhahabu. Geita imeishi na dhahabu tangu Wajerumani walipoiona mwishoni mwa karne ya 19. Mgodi wa zamani ulifanya kazi hadi 1966, mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000, na katikati yake na pembeni yake wachimbaji wadogo wamelisha familia, wamesomesha, wamejenga. Soko la madini lilipofunguliwa Geita mwaka 2019 nilifurahi, maana kijana anauza mchana mbele ya mizani. Ninachokitazama ni namna ya kuondoka. Rushi inatokea mahali, kilima kinajaa watu kwa juma moja, miti inaangushwa kwa ajili ya matimba ya kushikilia kuta za duara na kuni za kupikia mama lishe, udongo wa juu unafukiwa na udongo wa chini unakaa juu. Mbale ikikata, watu wanahamia kwingine. Gladiola inayovumilia moto haivumilii hilo. Kitunguu kilichokuwa kiganja kimoja chini ya ardhi sasa kimefunikwa na kifusi kuliko urefu wa mtu, na juu ni mchanga usioota hata magugu. Mnaacha shimo wazi, ng'ombe wa jirani anatumbukia, mtoto anatumbukia, na kilima hakina tena cha kumrudisha chozi hata mwaka mmoja.

Hayo nimeyaona yakirudiwa kilima hadi kilima, na kila mara wanaofanya ni vijana wapya wanaodhani ni wa kwanza. Hamtofautiani na waliotangulia. Njaa ni ile ile, haraka ni ile ile.

Lakini nimeona na lingine, na hili ndilo linalonifanya niwaite tukae. Shinyanga ile ile iliyokaribia kuwa jangwa ilirudi. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, watu waliuita HASHI, na baada ya kuhangaika na miche ya kigeni wakagundua kwamba dawa ilikuwa ndani ya nyumba: ngitili. Wasukuma walikuwa nayo zamani, kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza ili ndama na ng'ombe wa plau wapate majani kiangazi. Ukikifunga kipande hicho, visiki vinachipua vyenyewe na mbegu zilizolala zinaamka. Mwanzoni zilikuwepo hekta 600 hivi zilizoandikwa. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Waliokwenda kuchunguza ngitili hizo waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina hadi 145 za ndege. Kuni zikawa karibu, dawa zikawa karibu, majani ya kuezekea yakauzwa, mizinga ikapata pa kutundikwa. Wala hakuna aliyemkaribisha ndege hata mmoja kwa barua. Chakula kilipokuwepo miezi yote, walikuja.

Sasa nawaombeni mambo machache, na si mazito. Mkichoma majani, chomeni mapema, Juni, yakiwa na unyevu kidogo, moto upite chini chini. Msingoje Septemba moto ukapanda hadi matawini. Mkipiga dawa ya pamba, pigeni jioni nyuki wakisharudi nyumbani. Mkichimba duara, ule udongo mweusi wa juu uwekeni kando peke yake, usichanganyike na kifusi, na mkimaliza fukieni shimo, kisha ule mweusi urudi juu. Vitunguu vilivyomo vitajua la kufanya. Shubiri chumeni jani, acheni shina. Gogo moja kavu kwa kila shamba liacheni lioze taratibu.

Na kubwa zaidi: kwenye mkutano wa kijiji unaokuja, mmoja wenu asimame aombe kilima kimoja kiwe ngitili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga eneo la wote na kuliwekea utaratibu, mkutano mkuu ukiridhia. Chagueni kile chenye mawe, ambacho jembe halikipendi hata hivyo. Muandike sheria ndogo, muweke na faini, mchague wazee wawili wasioogopa kusema. Fanyeni hivyo mwaka huu, kabla ya mvua za Novemba.